Siku Moja Lushoto na Kasha la Kutafuta: Maswali Tunayoulizwa Kila Safari

Mara mbili kwa mwaka tunapanda kutoka Tanga hadi Lushoto, watu kumi na kitu kwenye Coaster ya kukodi, tunacheza jiokeshi kutwa, jioni tunashuka. Wiki moja kabla ya safari simu yangu haipumui, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Ukikuta jibu limekuwa refu kupita swali lake, jua hapo ndipo tulipowahi kupata taabu.

Jiokeshi ni nini hasa?

Ni mchezo wa kutafuta kilichofichwa. Mtu anaficha kasha dogo mahali, anatoa kodineti zake, yaani namba zinazoonyesha lilipo, wengine wanalifuata kwa GPS, kile kifaa cha setilaiti kinachokuonyesha ulipo. Ukiliona unalifungua, unaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, unalifunga na kulirudisha palepale kama ulivyolikuta. Zawadi hakuna, mshindi hakuna.

Mchezo huu tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana. Serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kizuri kikawa kinaweza kukutupa mita mia kutoka ulipo. Mwanzoni mwa Mei 2000 wakaacha kuyavuruga. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. Ndani aliweka vitu vidogovidogo pamoja na kopo la maharage. Mike Teague ndiye aliyeifikia wa kwanza. Leo makasha duniani yamepita milioni 3.

Kuhusu jina: wengi husikia "keshi" wakafikiri pesa. Konda mmoja pale Mombo alitusindikiza nusu saa nzima akisubiri tuzitoe. Ndiyo maana sisi tunasema kasha. Neno tunalo siku nyingi, na kazi yake ni hiyohiyo.

Kwa nini Lushoto? Si tungefanyia Tanga mjini tu?

Tanga mjini tumefanya, na jua la saa saba mchana lilitufundisha adabu. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unatembea kutwa bila kutafuta kivuli. Tena mji wenyewe ni mdogo, unaweza kuuzunguka wote kwa miguu, na umejaa vitu vya kuulizia maswali.

Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari wao. Walipanda kukimbia joto na malaria ya pwani, wakajenga ofisi na nyumba zenye kuta nene, wakaleta mbegu za matunda na mboga za kwao. Mwaka 1916 Waingereza waliuchukua mji vitani, na jina la Kaizari likaondoka na wenyewe. Kuta zipo. Mapeasi na plamsi yapo, ukipita Soni, katikati ya njia ya kupanda, unauziwa dirishani.

Ila mtu asikudanganye kwamba historia ya milima hii inaanza na Mjerumani. Wakati Wilhelmstal haijawazwa, mji mkuu wa Usambaa ulikuwa Vuga, huko ng'ambo ya Soni, wakitawala Wakilindi, ukoo wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alimpokea mmisionari Krapf hapo mwaka 1848. Kila safari nahakikisha kasha moja linauliza jambo la Vuga, kwa sababu watu hufika Lushoto wakatazama mabati ya Mjerumani tu wakarudi.

Makasha yanatoka wapi? Ni yale ya mtandaoni?

Kuna aina mbili. Yapo yanayosajiliwa kwenye tovuti na programu za mchezo, na kabla ya kila safari naangalia ramani kuona kuna nini njiani. Kwetu hayajabanana kama Ulaya, ambako mtu anaweza kuokota ishirini kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo makasha mengi ya siku hiyo ni yetu wenyewe. Watu wawili wanatangulia jana yake, wanaomba ruhusa kwa wenye mahali, wanayaweka, na jioni tunayakusanya yote na kushuka nayo. Idadi huwa saba, tena tunayahesabu kwa sauti kabla basi halijaondoka.

Tunaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri gari linawasha moto. Kutoka Tanga tunapita Segera na Korogwe hadi Mombo, halafu tunaacha lami kuu na kuanza kupanda. Hiyo safari nzima ni kama saa nne, chai ya Mombo ikiwemo. Lushoto tunaondoka saa kumi jioni kamili, maana sipendi zile kona gizani.

Mnaotoka Dar es Salaam, hii kwenu si safari ya siku moja. Laleni Korogwe au Mombo tuwapitie, au tangulieni Lushoto kabisa.

Nasikia barabara ya Mombo inatisha. Kweli?

Ina lami, ila ni nyembamba. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na katika hizo unapanda karibu mita 1,000, kwa hiyo kona hazihesabiki. Mwenye tumbo jepesi akae mbele, asiangalie simu, atafune tangawizi. Hapo katikati Soni yenyewe inakupumzisha, maporomoko yake ya maji unayaona ukiwa barabarani. Wakati wa masika udongo huporomoka na kufunga njia, ndiyo maana hatuendi Aprili wala Mei.

Watu hawatatudhania tunatafuta mali ya Mjerumani?

Watawadhania. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, naomba usilipitie juujuu.

Tanzania nzima, na milimani zaidi, kuna imani kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia mali: rupia, dhahabu, masanduku yenye alama. Kila baada ya muda anatokea mgeni na kifaa mkononi, anazungukazunguka mti mkubwa au ukuta wa zamani, anapima, anaandika, hasemi na mtu. Sasa jitazame wewe: umeshika simu, unatembea hatua tatu mbele mbili nyuma, umechuchumaa nyuma ya jengo la Mjerumani, unatia mkono kwenye tundu. Utaeleza nini?

Safari yetu ya kwanza vijana wetu wawili walifuata desturi waliyoisoma, kwamba mchezaji wa jiokeshi hujificha macho ya wasiojua mchezo. Kule Ulaya huo ndio ustadi wenyewe: mtu akipita unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Vijana wakafunga kamba za viatu mara nne chini ya ukuta mmoja. Mara ya tano walikuwa wamezungukwa na watu saba na jembe moja. Tulimaliza saa nzima kwa mwenyekiti wa kitongoji, kasha likiwa mezani limefunguliwa, wazee wakipokezana kusoma kidaftari chenye majina yetu na penseli iliyokatika. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama hicho ndicho tulichotoka nacho Tanga. Nikasema ndicho. Akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sijaisahau.

Tangu hapo tumegeuza sheria. Sisi hatujifichi. Ukifika karibu na kasha, mwamkie uliyemkuta. Shikamoo kwa mkubwa. Kwa Kisambaa asubuhi ni "onga maundo", na kushukuru ni "hongea", ukiongeza "sana" umemaliza. Kisha sema: "Tunacheza mchezo wa kutafuta kikopo kilichofichwa na wenzetu, mwenye nyumba anajua." Mara nyingi anayeamkiwa anajiunga. Tumewahi kuonyeshwa kasha na bibi mwenye beseni la karoti kichwani, aliyeliona likifichwa jana yake akalilinda usiku kucha lisichukuliwe.

Kuhusu mali yenyewe, kwa mnaopenda hadithi za kweli: Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu hapahapa nchini, ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Ilipigwa mwaka 1916 Tabora, kwenye karakana ya reli, vita ikiwa imewafungia bahari. Anayetaka kuiwaza aiwaze akiwa Tabora basi, atuachie kuta za Lushoto. Kuchimba, kuchokonoa ukuta au kung'oa jiwe ni mwiko kwenye safari zetu, na hata kwenye sheria za mchezo duniani kasha halifukiwi ardhini.

Kodineti zinasomwaje? Mimi hesabu zilinishinda.

Hesabu haipo, kuna kunakili kwa makini tu. Mchezo huu hutumia nyuzi na dakika zenye desimali. Lushoto mjini ni karibu na S 4° 47' na E 38° 17'. Baada ya dakika huja tarakimu tatu nyuma ya nukta, na hizo tatu ndizo zinazokupeleka hadi kwenye shina la mti: dakika moja nzima ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni chini ya mita mbili tu.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni ile herufi S, yaani kusini. Programu nyingi zinaanza na N, yaani kaskazini, mtu anajaza namba zote sawasawa na kuisahau herufi. Simu ikamwambia kasha liko zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini. Haikukosea: ukiweka N badala ya S unaangukia kusini mwa Ethiopia, jirani na Yabelo. Tuna mwenzetu tunamwita Yabelo mpaka leo.

Je, lazima ninunue kifaa cha GPS?

Hapana. Simu inatosha. Pakua ramani ya Lushoto ukiwa bado Tanga, maana mtandao huko bondeni hukatika, na chaji simu ijae. Mkiwa wanne mwenye pauabanki mmoja anawatosha.

Mbona simu inanionyesha nimefika na sioni kitu?

Kwa sababu GPS haikuahidi zaidi ya hapo. Uwanjani chini ya anga tupu inakosea mita tano hivi. Chini ya mikaratusi, au kwenye korongo lenye mlima pande mbili, mawimbi yanagonga huku na huku kabla ya kukufikia na kosa linaongezeka. Zikibaki mita kumi, weka simu mfukoni. Tazama kama aliyeficha: mkono wake ungefika wapi bila kuchafuka? Jiwe gani limekaa juu ya majani badala ya majani kuwa juu yake? Wanaopata haraka kwenye kundi letu ni wale waliokulia shamba. Mhandisi wetu wa simu ndiye wa mwisho kila mwaka.

Ukikosa kabisa, andika kwamba umekosa. Si aibu, tena humsaidia mwenye kasha kujua huenda limeibwa.

Ugumu unapimwaje?

Kwa namba mbili, kila moja kutoka 1 hadi 5: ya kwanza ugumu wa kulipata, ya pili ugumu wa njia. Kasha la 4 na 1 limefichwa kwa hila lakini unalifikia na kandambili. La 1 na 4 unaliona kwa mbali na magoti yanakataa. Yetu hayazidi 3 kwa njia.

Siku inakwendaje, tunatembea wapi?

Asubuhi ni mjini: sokoni, mtaa wa majengo ya zamani, makanisa na misikiti kwa nje. Hapo kuna makasha manne, moja likiwa la mafumbo. Mfano wa fumbo la mwaka uliopita: "Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe 1902. Ilifika Mombo mwaka gani? Tarakimu ya mwisho ndiyo inayokosekana kwenye kodineti zako." Jibu ni 1905, kwa hiyo 5. Kundi moja liliandika 1912, mwaka uleule reli ilipozinduliwa Moshi, wakaishia kwenye banda la mbuzi.

Mchana tunakwenda Irente kwa miguu, kilomita tano au sita, saa moja na nusu kwa mwendo wa kupiga soga. Njia inapita mashamba, shule ya watoto wasioona na shamba la kanisa la Kilutheri ambako utakula mkate, jibini na jamu wanazotengeneza wenyewe. Halafu ghafla mlima unaisha. Unasimama kwenye jabali, chini yako karibu mita 1,000 kuna Mazinde, mkonge umepangwa mistari kama daftari, na tambarare inakwenda hadi macho yachoke.

Hapo nawaketisha watu kabla ya kuwapa kodineti. Kwa sababu ukitazama chini unaelewa bila kusomewa kwa nini utawala wa Vuga ulivunjika. Misafara ya biashara ilipita huko tambarare. Semboja, mtoto wa Kimweri, akaweka makao yake Mazinde, penye njia, akapata bunduki, na Kimweri alipofariki mwaka 1862 nguvu ilikuwa imeshashuka mlimani. Waliobaki juu walikuwa na haki ya kiti, wa chini walikuwa na baruti. Kasha la Irente linauliza jambo moja tu kuhusu hilo, na majibu tunayabishania mpaka Korogwe.

Kuingia kwenye jabali kuna kiingilio kidogo. Na tafadhali, ukingoni hakuna ukuta wa kukuzuia. Anayetaka picha ya kuning'iniza miguu apande na gari lingine.

Hatuendi msitu wa Magamba?

Siku moja haitoshi, na pale ni hifadhi ya mazingira asilia. Unaingia kwa kulipia na kwa mwongozaji, na hatuachi kasha lolote ndani. Kwa msitu kama huo kuna aina ya mchezo isiyo na kasha: unafika kwenye kodineti, unatazama mwamba au mti, unajibu maswali kwa maandishi. Tukipata siku mbili tutafanya hivyo, tukiwa na mbega weusi kwa weupe juu ya vichwa vyetu.

Nivae nini?

Sweta, hata kama Tanga umetoka unatoka jasho. Juni hadi Agosti ongeza na koti. Raba zenye meno, siyo zilizolika, utelezi wa udongo mwekundu hauna msamaha. Mjini ni mji wa watu wa dini, jisitiri magoti na mabega. Kofia ya mvua ni bora kuliko mwavuli, mwavuli unahitaji mkono na mikono yako ina kazi.

Watoto na wazee wanaruhusiwa?

Watoto kuanzia miaka saba, wakiwa na mkubwa wao, na Irente wanashikwa mkono. Wazee wanakaribishwa mno. Asiyeweza kutembea anapanda bodaboda hadi Irente na kutusubiri kwenye jibini.

Kwenye kasha naweza kuchukua kitu?

Ukiacha chenye thamani sawa au zaidi. Vifungo, shanga, vishikio vya funguo, bilauri ndogo ya kahawa tumewahi kuikuta. Chakula hapana: kopo la maharage la yule Mmarekani lilikuwa la kwanza na ingefaa liwe la mwisho, siafu hawajui michezo. Visu, viberiti, dawa na pombe pia hapana.

Nataka kuweka kasha langu la kudumu Lushoto. Nifanyeje?

Kwanza jiulize nani atalitunza. Tovuti kubwa ya mchezo haipendi kasha la msafiri aliyepita, inataka mtu wa karibu anayeweza kulirekebisha likilowa. Pia kasha lisikae chini ya mita 161 kutoka lingine, na mwenye eneo awe amekubali. Kuna wahakiki wa kujitolea wanaolipitia kabla halijatangazwa.

Ushauri wangu hauko kwenye kanuni zao: tumia kopo baya. Vitabu vya mchezo vinasifia boksi imara la plastiki lenye mfuniko unaobana. Huku kwetu boksi la namna hiyo halimalizi wiki, ni chombo cha sukari cha mtu, na mwenye kulichukua hajakosea sana. Sisi tunatumia vichupa vya dawa vilivyokwisha na makopo yaliyobonyea, na ndani karatasi ya kwanza inaeleza kwa Kiswahili: hiki ni kitu cha mchezo, hakina thamani, hakina dawa wala uchawi, ukishasoma kirudishe, ahsante. Neno la uchawi tuliliongeza baada ya kushauriwa na yule mwenyekiti.

Droni?

Inahitaji vibali. Iache. Na usipige picha polisi, mahakamani wala kwenye ofisi za serikali.

Unaweza kunidokeza kasha la saba liko wapi? Miaka miwili nalikosa.

Karibu na sokoni, mahali pakavu, usawa wa kiuno. Kuna mzee anauza mapeasi amekaa hatua sita kutoka hapo, na analijua kuliko mimi. Mwaka juzi ulimpita bila salamu. Mwaka jana ulimwamkia, lakini ulikuwa tayari umeshapiga magoti mbele ya ukuta wake.